Maandishi mbadala ya picha kwenye tovuti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wanaosimamia tovuti za ofisi, shule, hoteli, vikundi vya wakulima na biashara ndogo katika Dodoma, Singida na maeneo ya jirani. Wengi wao hawakusomea kazi hiyo: ni walimu, makatibu au maofisa habari waliokabidhiwa neno la siri la tovuti na kuambiwa waendelee. Kwa hiyo maswali yanaanzia chini kabisa.

Maandishi mbadala ni nini?

Ni maneno yanayowekwa kwenye msimbo wa ukurasa ili yashike nafasi ya picha pale ambapo picha haiwezi kuonekana. Katika HTML, yaani lugha ya msimbo inayoandikiwa kurasa za tovuti, maneno hayo hukaa ndani ya sifa iitwayo alt, ambayo imekuwepo tangu HTML 2.0 ya mwaka 1995, na kufikia HTML 4.01 ya mwaka 1999 ilikuwa imekwisha kuwa ya lazima kwa kila picha. Kwenye msimbo huonekana hivi:

`<img src="mavuno-ya-zabibu.jpg" alt="Wakulima wakivuna zabibu nyekundu shambani Hombolo">`

Msomaji anayeiona picha hayaoni maneno hayo, na hiyo ndiyo sababu yanasahaulika kwa urahisi: anayepakia picha huiangalia, huridhika nayo, na hakuna kitu kwenye skrini kinachomwambia kwamba kuna kazi iliyobaki.

Ni nani hasa anayeyatumia?

Wa kwanza ni wasomaji wasioona na wenye uoni hafifu, ambao hutumia programu ya kusoma skrini, yaani kisoma skrini. Programu hiyo hutamka kwa sauti kilichoandikwa kwenye ukurasa, au hukipeleka kwenye kifaa cha nukta nundu ili kisomwe kwa vidole, njia ambayo ni tegemeo la watu wasioona ambao pia hawasikii. Kwenye kompyuta za Windows zinazojulikana zaidi ni JAWS, ambayo hununuliwa, na NVDA, ambayo ni ya bure na ilianzishwa nchini Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Simu za Apple huja na VoiceOver, na simu nyingi za Android huja na TalkBack, kwa hiyo mtu mwenye simu janja ya kawaida huwa tayari na kisoma skrini mfukoni hata kama hajawahi kukiwasha.

Kwa mkoa wetu msomaji wa namna hii si wa kubuni. Buigiri, wilayani Chamwino, kuna shule ya msingi ya wasioona, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina wanafunzi wasioona wanaotafuta fomu, ratiba na matangazo ya kazi kwenye tovuti zilezile wanazofungua wenzao. Mmoja wao akikuta kitufe ambacho ni picha isiyo na maneno, hawezi kujua kitufe hicho kinafanya nini.

Wapo pia wasomaji wanaoona ambao picha haijawafikia, kwa kuwa mtandao ni dhaifu, bando limekaribia kwisha na wamezima picha, au faili limehamishwa na kiungo chake kimekatika. Kivinjari huwaonyesha maandishi mbadala mahali pa picha. Mwisho ni injini za utafutaji kama Google, ambazo zina swali lake hapo chini.

Je, sheria inatudai kufanya hivi?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inazitaka nchi wanachama kuhakikisha kuwa habari na mawasiliano, ikiwamo intaneti, vinafikiwa na watu wenye ulemavu. Mwaka uliofuata ilitungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Kipimo cha kitaalamu kinachotumika karibu dunia nzima ni WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zifikiwe na watu wenye ulemavu, unaotolewa na W3C, taasisi inayoweka viwango vya tovuti: toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2008, la 2.1 mwaka 2018 na la 2.2 Oktoba 2023. Katika matoleo yote hayo kigezo kinachohusu picha ni 1.1.1, nacho kiko kwenye daraja A, daraja la chini kabisa ambalo tovuti isipolifikia haiwezi kudai lolote la juu yake.

Binafsi nisingeanza na sheria ninapomshawishi mkuu wa ofisi. Ningemfungulia ukurasa wa taasisi yake kwenye simu yenye TalkBack na kumwacha asikilize.

Basi niandike nini kuhusu picha?

Andika kile ambacho picha inafanya kwenye ukurasa huo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu hufikiri kazi yao ni kueleza kila kinachoonekana, kuanzia rangi ya mashati hadi mawingu. Picha moja inaweza kuhitaji maneno tofauti kabisa kwenye kurasa tofauti, na maneno yote yakawa sahihi.

Chukua picha ya mwanamke aliyeshika kichala cha zabibu nyekundu katikati ya shamba. Ikiwa kwenye ukurasa wa kikundi cha wakulima kinachotafuta wanunuzi, kinachohitajika ni zao lenyewe: "Kichala cha zabibu nyekundu aina ya Makutupora zilizokwisha kuiva, mkononi mwa mkulima." Kwenye ukurasa unaoeleza nafasi ya wanawake katika kilimo, mkono uliobeba zabibu hautoshi, na maneno yatakuwa: "Mwanamke akivuna zabibu kwenye shamba lake." Kwenye ukurasa unaofundisha namna ya kukata kichala bila kuuumiza mzabibu, macho ya msomaji yanaelekezwa kwenye mkasi: "Mkasi ukikata kikonyo cha kichala, mbali kidogo na tawi." Picha haikubadilika hata kidogo.

Njia nyepesi ya kujipima ni kufikiri kwamba unamsomea mtu ukurasa huo kwa simu. Ukifika penye picha, ama utasema jambo fulani ili asipotee, ama utapita bila kusema kitu kwa sababu hakuna atakachokosa. Utakachosema ndicho maandishi mbadala, na pale utakapopita kimya ni picha ya pambo.

Angalia pia kwamba jina la mahali lina thamani pale linapojulikana. "Michoro kwenye mwamba" haimfikishi mtu mbali. "Michoro myekundu ya watu warefu wembamba kwenye ukuta wa mwamba, Kolo, Kondoa" inamwambia msomaji kwamba yuko kwenye eneo lililoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, ambalo huenda ndilo alilokuwa analitafuta.

Yawe marefu kiasi gani?

Sentensi moja hutosha kwa picha nyingi, na mbili hazidhuru. Utasikia wakisema mwisho ni herufi 125, lakini mwongozo wa WCAG hauna kikomo cha namna hiyo. Tatizo la maneno mengi ni jingine: anayesikiliza hawezi kuyaruka kwa macho kama anayesoma, na maandishi mbadala hayana aya wala vichwa vidogo vya kumsaidia kupumua. Anza na lililo muhimu, ili akichoka na kuendelea mbele awe amekwisha kulipata.

Je, nianze na maneno "picha ya" au "picha inayoonyesha"?

Hapana, kwa kuwa kisoma skrini hutangaza chenyewe kwamba hapo pana picha. Kutaja aina kunafaa pale tu aina yenyewe inapobeba maana, kwa mfano ramani, katuni, mchoro wa fundi, bango au picha iliyopigwa kutoka angani.

Picha za mapambo tuzifanyeje?

Mistari ya urembo, vivuli, picha ya kalamu juu ya meza iliyowekwa ili ukurasa usiwe mtupu: zote hizi huwekewa alt iliyo tupu, yaani `alt=""`, bila nafasi wala neno ndani ya alama hizo. Kisoma skrini kikikuta hivyo hupita kimya.

Kuna tofauti kubwa kati ya kuweka alt tupu na kutoweka alt kabisa. Isipowekwa, kisoma skrini hakijui kama picha ni pambo au ni jambo zito, na mara nyingi hujaribu kusaidia kwa kusoma jina la faili. Kwa kuwa picha zetu nyingi hupitia WhatsApp kabla ya kufika kwenye tovuti, msomaji hulazimika kusikiliza "IMG-20240311-WA0007" ikitamkwa herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, kisha nyingine, kisha nyingine. Ukurasa wa habari wenye picha kumi na mbili za hafla moja huwa hausikiliziki.

Tangazo, bango au barua yenye mhuri iliyopakiwa kama picha je?

Kwa maoni yangu hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote kwenye tovuti za taasisi zetu, na linastahili jibu refu.

Utaratibu unajulikana. Tangazo huandikwa kwenye kompyuta, huchapishwa, husainiwa, hugongwa mhuri, kisha hupigwa picha kwa simu na kupakiwa. Kwenye tovuti hubaki kichwa cha habari "Taarifa kwa umma" na picha chini yake. Anayeona husoma kwa kukuza na kusogeza. Asiyeona husikia maneno matatu ya kichwa na namba ya faili, na hapo taarifa kwa umma imeishia. Hata anayeona hawezi kunakili namba ya simu iliyo ndani ya picha wala kuigusa ili apige, na hawezi kutafuta neno ndani yake. Injini za utafutaji za leo hujaribu kusoma herufi zilizo ndani ya picha, lakini karatasi iliyopigwa kwa pembe, yenye mhuri wa bluu juu ya maneno, si kitu cha kukitegemea.

Dawa yake si kuyasukuma maneno mia tatu ya barua ndani ya alt. Yakikaa humo yatasomwa kwa mkupuo mmoja bila aya, msikilizaji hataweza kurudi kwenye tarehe ya mwisho peke yake, na viungo havitafanya kazi. Dawa ni kuyaweka maneno yenyewe kwenye ukurasa kama maandishi ya kawaida. Kwa kuwa tangazo lilianza kama faili la kompyuta, kazi hii huwa ni kunakili na kubandika tu. Picha ya barua inaweza kubaki kwa ajili ya wanaotaka kuona sahihi na mhuri, na alt yake ikawa fupi: "Nakala ya tangazo lililosainiwa. Maneno yake yote yako hapa chini." Kwenye WCAG, kigezo cha 1.4.5, cha daraja AA linalofuata juu ya A, kinataka hivyohivyo: maneno yaandikwe kama maneno badala ya kufanywa picha, isipokuwa pale ambapo sura yake haiwezi kuepukwa, kama ilivyo kwa nembo.

Nimekutana na hoja kwamba tangazo lisilo na mhuri haliaminiki. Hoja ina uzito wake, kwa kuwa matangazo ya kughushi ya ajira yapo, lakini haipingani na tunachoomba hapa, maana mhuri unabaki pale pale. Kinachoongezwa ni maneno.

Bango fupi lina nafuu kidogo, kwa sababu maneno yake yote yanaweza kuingia: "Bango: Maonesho ya Nane Nane Kanda ya Kati, viwanja vya Nzuguni, Dodoma. Karibu kwenye banda letu karibu na lango kuu." Ukiona bango lina tarehe, viingilio, masharti na namba nne za simu, lirudishe kwenye kundi la barua na uyaandike maneno kwenye ukurasa.

Faili la PDF lililotokana na karatasi iliyoskaniwa lina ugonjwa huohuo, hata kama halionekani kuwa picha. Jaribu kuchagua neno moja ndani yake kwa kipanya. Neno lisipochagulika, kisoma skrini nacho hakitalisoma.

Grafu na ramani zinaelezwaje kwa sentensi moja?

Hazielezwi kwa sentensi moja. Gawa kazi sehemu mbili: alt iseme ni grafu ya nini na inaonyesha mwelekeo gani, na takwimu zenyewe ziwe kwenye jedwali au aya chini yake. Tuseme umechora bei ya gunia la mahindi katika soko la Kibaigwa kwa mwaka mzima. Alt itakuwa: "Grafu ya bei ya gunia la mahindi Kibaigwa, ikipanda kuanzia Novemba na kushuka baada ya mavuno. Takwimu za kila mwezi ziko kwenye jedwali linalofuata." Hapo ni lazima wewe mwenyewe uwe umejua grafu inasema nini, na sina budi kukiri kwamba grafu nyingi huwekwa na watu ambao hawajajiuliza swali hilo. Zamani palikuwa na sifa ya longdesc kwa ajili ya maelezo marefu, lakini imekwisha kuondolewa kwenye kiwango cha HTML, kwa hiyo usiitegemee hata ukiikuta kwenye vitabu vya zamani.

Ramani ya kumfikisha mtu ofisini iambatane na maelekezo ya maneno: ashuke wapi akitoka kituo kikuu cha mabasi cha Nzuguni, apande gari la wapi, aulize jengo gani. Dereva wa bodaboda naye atayafurahia.

Nembo, aikoni na picha inayobonyezwa?

Picha ikiwa ni kiungo au kitufe, eleza kinachotokea ukiibonyeza, si inavyoonekana. Aikoni ya lenzi huandikwa "Tafuta", wala si "lenzi". Alama ya kijani ya simu huandikwa "Tuandikie kwa WhatsApp". Nembo iliyo juu kushoto inayorudisha msomaji mwanzo huandikwa jina la taasisi na neno "mwanzo". Ikiwa ndani ya kiungo hichohicho kuna picha na maneno yanayojitosheleza, iache alt ya picha iwe tupu, la sivyo msomaji atasikia "Mikopo, Mikopo".

Aikoni za SVG, yaani zinazochorwa kwa msimbo, zilizoandikwa moja kwa moja ndani ya ukurasa hazina alt. Zikiwa na maana, mwombe fundi aziwekee `role="img"` pamoja na `aria-label` yenye maneno ya Kiswahili. Zikiwa pambo, azifiche kwa `aria-hidden="true"`.

Watu waliomo kwenye picha niwataje kwa majina?

Kiongozi wa umma anayehusika na habari hiyo atajwe kwa jina na cheo, kwa sababu kusema "mwanaume aliyevaa suti akizungumza" ni kumficha msomaji jambo ambalo wengine wote wameliona. Kwa watu wengine, sema wanachofanya. Usibuni kabila, dini au ulemavu wa mtu kwa kumtazama. Mavazi na ala hutajwa pale vinapohusika: kwenye ukurasa wa utamaduni, "Wanawake wa Kigogo wakipiga ngoma za muheme" ni maelezo mazuri, lakini kwenye ukurasa wa mikopo ya vikundi inatosha kusema ni wanachama wakiwa kikaoni.

Kumbuka kwamba maandishi mbadala ni maandishi yaliyochapishwa, hata kama huyaoni. Majina kamili ya wanafunzi au wagonjwa hayana nafasi humo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haitofautishi taarifa iliyo mbele ya macho na iliyo ndani ya msimbo.

Tayari nina kapsheni chini ya picha. Bado nahitaji alt?

Mara nyingi ndiyo, lakini visirudie maneno yaleyale. Kapsheni husomwa na wote na kwa kawaida hutoa habari ambayo picha haiisemi, kama tarehe, tukio na mpiga picha. Alt hueleza kinachoonekana. Ama sifa iitwayo title, ile inayotokeza maneno kipanya kikipita juu ya picha, haichukui nafasi ya alt, kwa kuwa anayetumia simu ya kugusa au kibodi peke yake hawezi kuifikia ipasavyo.

Niandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Kwa lugha ya ukurasa wenyewe. Lakini kuna jambo linalotangulia ambalo mafundi wengi hulisahau: ukurasa mzima unapaswa kutangaza lugha yake kwenye msimbo kwa `lang="sw"`. Violezo vingi vya tovuti huja vikiwa vimeandikwa Kiingereza, na visipobadilishwa kisoma skrini hutamka Kiswahili kwa sauti na kanuni za Kiingereza. Matokeo yake hayaeleweki hata na mwenye lugha yake. Sauti ya Kiswahili ipo. eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi inayokuja pamoja na NVDA, inayo. Kisichokuwepo ni ishara ya kuiambia ianze kazi. Katika WCAG hiki ni kigezo cha 3.1.1, daraja A, na marekebisho yake ni ya neno moja.

Hoteli na kampuni za utalii huuliza kama zichanganye lugha mbili ndani ya alt moja ili ziwapate watalii. La. Tengeneza ukurasa wa Kiingereza unaojitegemea, wenye alt zake za Kiingereza na tangazo lake la lugha.

Je, maandishi mbadala yatanipandisha Google?

Yatasaidia, ila usiuziwe miujiza. Google yenyewe imeeleza kwamba hutumia maandishi mbadala pamoja na uchambuzi wa kompyuta wa picha na maneno ya ukurasa ili kujua picha inahusu nini. Faida yake iliyo wazi zaidi ni kwenye utafutaji wa picha, ambako mtu anayetafuta michoro ya Kondoa au miche ya zabibu anaweza kufika kwako kupitia picha. Faida ya pili ni kwamba picha ikiwa kiungo, Google huichukulia alt kama maneno ya kiungo hicho. Yaani ukurasa wako wa bidhaa wenye picha ishirini zinazobonyezwa na alt zisizoandikwa una viungo ishirini visivyosema vinakwenda wapi.

Picha zinazowekwa kama usuli kupitia CSS, yaani msimbo wa kupanga mwonekano wa ukurasa, hazina alt, na Google haiziorodheshi kwenye utafutaji wa picha. Picha yenye maana iwekwe kama picha.

Nikijaza maneno ya kutafutia ndani ya alt?

Usifanye hivyo. "Hoteli Dodoma, hoteli nzuri Dodoma, hoteli bei nafuu Dodoma, vyumba Dodoma mjini" ni maneno ambayo mtu asiyeona atayasikiliza hadi mwisho akitumaini kuwa kuna chumba mahali fulani, na Google imeonya kwamba ujazaji wa namna hii unaweza kuifanya tovuti ionekane kama taka ya mtandaoni (spam). "Chumba cha watu wawili chenye chandarua na meza ya kuandikia" kinamsaidia mgeni kuamua. Kama neno Dodoma linahitajika, lina nafasi ya kutosha kwenye kichwa na aya za ukurasa.

Jina la faili lina umuhimu?

Dogo. Linaipa injini ya utafutaji dokezo jepesi, kwa hiyo "alizeti-singida.jpg" ni bora kuliko namba za WhatsApp. Tenganisha maneno kwa kistari. Hata hivyo sioni sababu ya kutumia siku nzima kubadilisha majina ya faili za zamani na kuvunja viungo vyake, wakati alt zenyewe bado ni tupu.

Tunatumia WordPress. Tunayaandika wapi?

Ukichagua picha kwenye maktaba ya picha au ndani ya makala utaona kisanduku cha maandishi mbadala upande wa mipangilio yake. Jambo la kuangalia ni kwamba ukibadilisha maneno kwenye maktaba baada ya picha kuwekwa kwenye makala, makala za zamani hazibadiliki. Hubaki na maneno yaliyokuwepo siku picha ilipoingizwa. Ni lazima uifungue makala yenyewe. Wengi hurekebisha maktaba yote kisha wakashangaa kwamba hakuna kilichobadilika.

Akili mnemba haiwezi kutuandikia?

Inaweza kukupa rasimu. Facebook ilianza kutoa maelezo ya picha kwa mashine mwaka 2016, na programu za sasa ni mahiri kuliko zile. Hata hivyo mashine huona picha, haioni sababu yako ya kuiweka. Itakwambia "kundi la watu wamesimama nje ya jengo", nawe unajua kwamba hao ni wazazi wa kijiji fulani wakikabidhi madawati waliyochangia. Pia hubuni kwa ujasiri: huweza kutaja mji usio wake au kumpa mtu cheo. Soma, sahihisha, ndipo uchapishe.

Na mitandao ya kijamii?

X, wakati huo ikiitwa Twitter, iliweka sehemu ya maelezo ya picha mwaka 2016, na Instagram ikafuata mwaka 2018. Kwenye Instagram hupatikana kwenye mipangilio ya ziada kabla ya kuchapisha. Kwenye WhatsApp yaandike maneno ya tangazo kwenye ujumbe wenyewe unaoambatana na picha. Itawafaa pia wale ambao hawapakui picha ili kuokoa bando.

Tuna mamia ya picha za zamani. Tuanzie wapi?

Anza na kurasa zinazofunguliwa zaidi na picha ambazo ni viungo au vitufe, kwa sababu hizo zikikosa maneno humzuia mtu kufanya alichokuja kukifanya. Fuata na matangazo yaliyo hai, hasa yenye tarehe za mwisho. Albamu za hafla za miaka iliyopita zinaweza kungoja, na nyingine zingefutwa bila mtu kulalamika. Wakati huohuo weka kanuni kwamba kuanzia leo hakuna picha mpya inayopanda bila maneno yake, la sivyo mtakuwa mnachota maji na bomba likiwa wazi.

Mkiona aibu kwa hali ya tovuti yenu, jueni kwamba si peke yenu: taasisi ya WebAIM ya Marekani huchunguza kurasa za mwanzo milioni 1 kila mwaka, na mwaka 2024 zaidi ya nusu zilikuwa na picha zisizo na maandishi mbadala.

Nitajuaje kama tumefanya vizuri?

Zana ya WAVE ya WebAIM ni ya bure na itakuonyesha picha zisizo na alt. Lakini zana huhakiki kuwepo kwa maneno, haihakiki maana yake. Ofisi iliyojaza neno "picha" kila mahali itapita mtihani huo bila kumsaidia yeyote.

Hatua inayofuata ni kusikiliza. Weka NVDA kwenye kompyuta, au washa TalkBack kwenye mipangilio ya simu. Kabla hujaiwasha, jua kwamba ishara zitabadilika: kugusa mara moja husoma, kugusa mara mbili ndiko hufungua, na kusogeza ukurasa huhitaji vidole viwili. Wengi huiwasha bila kujua hilo na kudhani simu imeharibika. Fumba macho, fungua ukurasa wenu wa mwanzo, na ujaribu kufika kwenye fomu ya maombi.

Kisha mwalikeni mtu asiyeona anayetumia kisoma skrini kila siku afanye kazi hiyohiyo mbele yenu, bila kumwelekeza. Mpeni kazi halisi, kwa mfano atafute tarehe ya mwisho ya tangazo fulani au apate namba ya simu ya idara, na mwandike kila anapokwama. Huo ni utaalamu, kwa hiyo gharama zake za usafiri na muda wake vilipwe, na viingizwe kwenye bajeti ya tovuti tangu mwanzo.